Darasa Zima la Wachoraji

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha fundi saa. Mguu wake mmoja ni matofali mawili, kwa sababu ule wa mbao ulivunjika siku Meja alipotuonyesha jinsi askari anavyokaa. Meja hajawahi kuwa jeshini. Alilinda geti la kiwanda cha sabuni miaka thelathini, na cheo alijipa mwenyewe alipostaafu. Mwenye birika ni mimi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hapa bila kahawa yangu hakuna kikao, basi mwenyekiti ni nani? Ijumaa hiyo asubuhi ajenda ilikuwa mjukuu wangu. Kamaliza mwaka wa kwanza chuoni, masomo sita kafaulu, la saba, takwimu, kafeli. Jumatatu anarudia mtihani. Akianguka tena, anarudia mwaka mzima. Alikaa ukingoni mwa benchi, daftari magotini, anajifanya hasikii.

Fundi Saa: Mimi nasema tatizo ni kengele. Shuleni ilikuwapo. Ikilia unaingia, ikilia unatoka. Chuoni, mjukuu, kuna kengele?

Mjukuu: Hakuna, babu.

Fundi Saa: Mmeona! Akili imezoeshwa kengele miaka kumi na mitatu, halafu unaikatia ghafla. Lazima isimame, kama saa isiyotiwa ufunguo.

Meja: Mbona masomo sita hayakusimama?

Fundi Saa: Hayo yalikwenda kwa mazoea. Ushauri wangu kwa wanaoingia chuo mwaka huu: kila mtu aende na kengele yake.

Meja: Wakiwa mia mbili ukumbini, kila mmoja na yake? Si itakuwa zizi la mbuzi? Sikilizeni, tatizo ni viti. Viti vya chuo nimeviona kwenye televisheni, vimepanda kama ngazi, mwalimu yuko chini kabisa. Wewe ulikaa wapi?

Mjukuu: Safu ya juu, babu.

Meja: Kwisha kazi! Elimu ni maji, na maji hayapandi mlima. Wa chini wamelowa chapachapa, wewe huko juu mkavu kama biskuti. Wahenga hawakukosea: mpanda ngazi hushuka.

Fundi Saa: Methali hiyo inahusu vyeo.

Meja: Inahusu ngazi. Ngazi imetajwa humo humo.

Mimi: Wazee wazima, mvi tupu! Tatizo ni kitanda. Walimpangia kitanda cha juu. Kila alichosoma mchana kinadondoka usiku kwa aliyelala chini yake. Huyo mwenzako wa chini alipata ngapi?

Mjukuu akacheka, mara ya kwanza wiki nzima.

Mjukuu: Tisini, Bibi.

Mimi: Haya! Nani anabisha?

Fundi Saa: Hata mawaziri, ukiwachunguza, wote walilala vitanda vya chini.

Meja: Na wenye vitanda vya juu ndio sisi.

Fundi Saa: Wewe hukulala chuo chochote, Meja.

Meja: Ndiyo maana sikuvuja.

Hapo ndipo binti wa dobi alipofika kumchukulia baba yake kahawa. Naye kachaguliwa chuo hicho hicho, anaondoka wiki ijayo. Alitupa shikamoo, sote tukaitikia kwa pamoja, na kabla hajashusha kikombe Meja alishamwamuru atoe kalamu aandike: kengele, kiti cha chini, kitanda cha chini. Aliandika yote kwenye kiganja, mtoto ana adabu. Kisha akamgeukia mjukuu wangu.

Binti wa dobi: Na wewe dada, mwenyewe unasemaje?

Tukatazamana. Birika la pili lilikuwa linaelekea kwisha, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mjukuu: Wiki ya tatu, mwalimu aliandika alama fulani ubaoni. Kama herufi E iliyopigwa ngumi mgongoni. Sikuijua. Nikatazama pembeni, wenzangu wote wanaandika mbio mbio, nikajua wanaijua. Nikaandika na mimi. Mwaka mzima naichora. Ikaja kwenye mtihani, maswali manne.

Fundi Saa: Si ungeitafuta kwenye simu?

Mjukuu: Nitaiandikaje, babu? Haina kitufe. Matokeo yalipotoka nikakuta tuliofeli ni themanini na mmoja. Kumbe lilikuwa darasa zima la wachoraji.

Binti wa dobi: Na mwalimu hakuwa anauliza kama mmeelewa?

Mjukuu: Kila kipindi. Anasema, "Kuna swali?" Halafu anatutazama. Na mimi hiyo "kuna swali" naijua tangu mdogo. Bibi akimaliza kugomba, husema hivyo hivyo, mikono kiunoni. Mwenye swali huongezewa.

Benchi zima likanigeukia.

Ni kweli. Nimelea watoto watano na wajukuu saba kwa maneno hayo mawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa na swali. Nilikuwa najisifu mtaani kwamba ni malezi.

Meja: Mtoto umleavyo...

Mimi: Malizia, nikumwagie kahawa.

Meja akameza methali yake. Binti wa dobi alikuwa ameinamia daftari, kaiweka alama ile chini ya kidole.

Binti wa dobi: Sasa hii maana yake nini?

Fundi Saa akavaa miwani yake ya kazi, akasema inafanana na kipande cha ndani ya saa za zamani. Meja akasema ni ya kijeshi, ni siri. Mjukuu wangu akatazama vidole vyake vya miguu. Wiki tatu yuko nyumbani anasoma usiku na mchana, nampelekea chai mezani, kumbe bado alikuwa anachora!

Mimi: Namba ya huyo mwalimu unayo?

Mjukuu: Aliiandika ubaoni siku ya kwanza.

Mimi: Mpigie.

Mjukuu: Sasa hivi? Bibi, ni mtu mzima, nitamsumbua.

Mimi: Mimi pia mtu mzima, na umenisumbua miaka ishirini. Piga.

Akapiga. Kwa haraka akagusa pasipo pake, simu ikatoa sauti nje. Tukainama wote, mpaka tofali likalia chini yetu. Akajitambulisha, akaomba radhi mara tatu, ndipo akaiulizia ile alama.

Sauti ya mwalimu ikatoka:

— Ile? Ni kujumlisha tu, binti yangu. Inakwambia ujumlishe zote. Basi.

Kujumlisha! Hilo hata mimi, darasa la tatu, nililifikia.

— Una swali lingine?

Mjukuu akanitazama. Mimi nikachukua vikombe, nikampa mgongo, nikaanza kuviosha.

— Ndiyo, mwalimu, nikamsikia akisema. Mengine kumi na saba.