Chembe za Mwezi wa Zohali Zilizokataa Kupungua

Amani iwe kwenu, ndugu zangu wa hapa Bangwe. Mliponiomba nisimame kutoa ushuhuda mwaka jana, niliwaambia bado. Leo naweza.

Wengi mnanijua kama yule binti mkimbizi aliyepewa chumba na mama muuza dagaa wa Kibirizi. Nilichokuwa nafanya mle ndani hamkukijua. Nilikuwa na kompyuta na kazi ya chuo: kukokotoa jinsi jua linavyopiga hewa ya juu kabisa ya mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, likang'oa elektroni kwenye gesi, hewa ikajaa chembe zenye chaji. Chombo cha anga kilishapita kule kikapima. Hesabu zangu zilitakiwa zilingane na vipimo vyake. Hazikulingana. Kila nikirudia, chembe zangu zilikuwa nyingi mno.

Wakati huohuo, kule kambini ilikobaki familia yangu, watu walikuwa wanahimizwa kurudi Burundi, na wangu walishapangiwa basi. Profesa aliyenisimamia chuoni naye akasema nisipoleta matokeo mwezi uleule, nafasi yangu atapewa mwingine. Ningeweza kupunguza makali ya jua kwenye hesabu, mstari wangu na ule wa vipimo ikalingana, na pengine asingejua mtu. Nilishaanza kuandika namba ya uongo.

Ndipo mama yangu akaingia. Alikuwa ameombewa ruhusa ya kutoka kambini kuja kuniaga. Hakulia. Akakaa mkekani, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, nieleze unachofanya, nijue nakuacha kwa ajili ya nini."

Nikamweleza kwa Kirundi, huku maneno mengine nikiyatafuta. Kwamba elektroni iliyong'olewa huweza kurudiana na chembe, chaji ikaisha. Kwamba elektroni za moto hukawia kurudiana, zilizopoa hurudiana upesi. Hapo nikaigeukia kompyuta. Mimi nilikuwa nimeziweka za moto kupita kiasi, ndiyo maana chembe zangu hazikupungua.

Nikasahihisha. Mama akakaa nami mpaka kompyuta ikamaliza. Mistari ikakaribiana, na jua sikuligusa.

"Basi, baki," akasema.

Nilibaki, na shahada nimeipata. Mama sijamwona tangu siku ile. Namsikia kwenye simu tu. Siwezi kuwaficha kwamba hilo bado linaniuma.

Namshukuru mama wa Kibirizi aliyenipa chumba na umeme, na ninyi mlioniombea bila kujua mnaomba nini. Kazi ikikubana hadi uongo uonekane njia, usijifungie nayo. Mweleze anayekupenda, kwa lugha yenu, mpaka mwisho.