Mwalimu Aliyelaza Injili Sambamba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, waheshimiwa maaskofu, walimu wenzangu, wanafunzi, na wewe shemeji yetu uliyetuazima mumeo miaka yote hii: salaam kwenu.

Kama mkuu wa chuo, nimepewa kazi ya kumuaga mwalimu wetu wa Agano Jipya. Wanafunzi mnamwita Mzee Sambamba, kwa kuwa hakuruhusu mtu asome Injili moja peke yake. Mathayo, Marko na Luka walilazwa sambamba juu ya meza ndefu, kila mtu na penseli ya rangi mkononi, na maswali yalikuwa yale yale: nani aliandika kwanza, nani amebadilisha neno, na alikuwa akimwandikia nani? Wapo waliosema anawavuruga vijana. Mimi nikipita dirishani niliona watu wazima wakigombania penseli nyekundu.

Mwaka mmoja, mhitimu wetu aliyekuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa kanisa alihubiri mazishini. Badala ya kufariji, akaeleza kwamba katika nakala za zamani kabisa Injili ya Marko inakatika ghafla kaburini, kabla mtu yeyote hajamwona Yesu aliyefufuka. Kesho yake mjane alitinga ofisini kwa mwalimu.

"Mmemfundisha nini mtoto huyu? Mume wangu amelala kwenye jeneza mbele yake, yeye anatusimulia nakala! Sasa Yesu alifufuka au hakufufuka?"

Mwalimu hakujitetea. Alimpa kiti. "Alifufuka, dada yangu, ndivyo ninavyoamini. Ila hebu tusome pale kijana alipoishia."

Wakasoma: wanawake wanatoka kaburini mbio, wanatetemeka, hawamwambii mtu neno, maana waliogopa. Yule mama akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Kumbe hata wao! Mimi tangu msiba uanze naambiwa tu nisiogope." Hapo ndipo alipolia, na mwalimu akamwacha alie.

Ndugu zangu, huko ndiko kubomoa imani? Kijana alijua somo, hakujua mtu aliyekaa mbele yake. Mwalimu alijua vyote viwili, na sidhani kama kimoja kilimpunguzia kingine.

Mheshimiwa Mwenyekiti, uliniagiza leo niage viwili, mwalimu na somo lake, kwa kuwa Baraza halitaki lifundishwe tena muhula ujao. Mwalimu nimemuaga, na inaniuma. Somo siliagi. Ukiona ni lazima lifungwe, tafuta na mkuu mwingine wa chuo.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Karibuni chai.