Kocha wa Timu Isiyokimbia

Tarehe thelathini mwezi huu, mtaalamu wetu wa tiba ya viungo, anayejulikana kwa wote kama Kocha, atarudisha funguo za chumba namba sita na kwenda nyumbani. Ameitumikia hospitali hii miaka thelathini na sita. Kati ya hiyo, ishirini na tisa ameongoza darasa la mazoezi mepesi kwa wazee wenye baridi yabisi. Wengi wetu tulipoajiriwa tulilikuta, tukadhani limekuwepo tangu siku jengo lilipopauliwa.

Wanadarasa wake walikuwa na ombi moja tu kabla hajaondoka: akishaacha kuongoza, aje akae nao kwenye viti kama mmoja wao. Kwa miezi mitatu Kocha amelipiga chenga ombi hilo kwa ustadi ambao mshambuliaji yeyote angeuonea wivu. Sababu yake nitaieleza. Kama mlitaka wasifu wa sifa tupu, mngempa mtu mwingine kazi hii.

Darasa lenyewe lilianzia kwenye benchi la koridoni. Zamani tulikuwa tukiwaona wagonjwa mmoja mmoja, dakika kumi na tano kila mtu. Kocha, wakati huo kijana mwembamba mwenye koti jeupe lililompwaya, aligundua kitu. Bibi aliyeingia kwake amenuna kama aliyeporwa alitoka nje, akakaa benchini na wenzake, akacheka, na mkono ule ule uliogoma kunyooka ndani ukanyooka wenyewe. Basi akaihamishia tiba benchini. Muuguzi mkuu wa enzi hizo alipotokeza na kukuta watu saba wamekaa na mikono juu, alidhani tumevamiwa na majambazi. Wiki iliyofuata wakapewa chumba namba sita, kilichokuwa kimejaa vitanda vibovu, mradi tu koridoni pabaki kimya.

Jina la Kocha alipewa na dereva mstaafu wa malori, aliyelalamika kwamba tangu azaliwe hajaona timu yenye wachezaji wa akiba watupu. Jina likaganda. Hata mkurugenzi alipomwandikia barua ya pongezi alijisahau akaanza na "Ndugu Kocha".

Majina ya kitabuni ya mazoezi Kocha hakuyapenda. Kwake kuna kukamua dekio, kufungua mtungi, kutafuta miwani iliyoanguka chini ya kiti, na kufukuza kuku, ambalo ni zoezi la mabega na ndilo lenye fujo kuliko yote. Vifaa vyake ni sponji za kuoshea vyombo, zile za kawaida za dukani, kwa sababu anasema mpira ukianguka hukimbia, na darasani hamna wa kuukimbiza. Salamu peke yake huchukua robo saa, maana wapo wawili ambao hadi leo hawajakubaliana nani amwamkie nani. Wakishakaa duara, kila mmoja hutaja kiungo kinachomsumbua siku hiyo. Kimoja tu. Anayeanza kuorodhesha kuanzia shingo hadi unyayo hukatizwa na wenzake bila huruma, na Kocha hupanga mazoezi kufuatana na waliyosema.

Kutoka watu saba wa benchini, leo tuna madarasa manne kwa wiki, na la Ijumaa lina watu ishirini na sita. Fundi mwashi mmoja aliyekuja akishindwa kushika kijiko sasa anafunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Kuna bibi anayemsuka tena mjukuu wake. Mistari huenda kombo kidogo, lakini mjukuu halalamiki. Kocha ndiye wa kwanza kusema kwamba baridi yabisi haiponi kwa kufukuza kuku, ila inaweza kufundishwa adabu.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloona aibu kuliandika. Miaka miwili iliyopita Kocha aliacha kuvaa mashati ya vifungo. Akaanza kuja na mashati ya zipu, moja la bluu, moja la kijani, yote ya kushonwa na mkewe ambaye ni fundi cherehani. Tulimtania kwamba ujana unamrudia. Wataalamu sita wa viungo, tunaoshinda kutwa tukikagua vidole vya watu, hatukuona kwamba vya mwenzetu vimevimba na havikunjiki. Mkewe alikuwa ameapishwa asimwambie mtu, akawa anang'oa vifungo na kuweka zipu, kimya.

Walioona ni wazee. Nao hawakusema neno. Walianza tu kufika nusu saa mapema na kupanga viti wenyewe ili Kocha asivinyanyue. Kocha, alipokuta viti vimeshapangwa, alifurahi mno. Kwenye ripoti ya mwaka akaandika kwamba washiriki wameimarika kiasi cha kubeba viti ishirini na sita bila msaada, akaambatisha na picha. Ripoti ikasifiwa. Huku wanamficha, huku anawaficha, na chumba namba sita hakijawahi kupangika vizuri namna ile.

Mwezi wa tatu, mama mmoja aliyekuwa karani wa posta, ambaye macho yake bado yangeweza kusoma anwani kutoka ng'ambo ya barabara, aliuliza mbele ya wote mbona Kocha hataji kiungo chake. Kisha akatoa lile ombi la kukaa nao. Kocha alicheka, akaamuru kuku wafukuzwe. Jioni hiyo, tukifunga ofisi, alinionyesha mikono yake. Maumivu hayakuwa yakimtisha. Alichoogopa ni kwamba wazee wakijua vidole vya mwalimu vimekakamaa pamoja na mazoezi yote hayo, wataona wamedanganywa miaka ishirini na tisa. Watabaki nyumbani, na vile viungo walivyovihangaikia vitaganda. Ndiyo maana alitaka kuondoka kimya kimya, asirudi hata kusalimia. Nami, mwenye vyeti vitatu ukutani, nikaishia kumfungia mlango wa ofisi.

Ijumaa iliyopita niliongoza mimi. Kocha alikaa karibu na mlango, mikono mfukoni, akisema amekuja kukagua tu. Tukaanza kuzunguka: goti la kulia, bega, nyonga, kifundo cha mguu. Zamu ilipofika kwake nilitaka kumruka, nikidhani namsitiri. Karani wa posta akanitikisia kidole. Kocha akatoa mikono mfukoni, akaiweka juu ya mapaja, akasema, "Vidole."

Hakuna aliyeshtuka. Karani akamuuliza, "Kwani baba, ulidhani viti vilikuwa vinajipanga vyenyewe?"

Kocha akawatazama mmoja mmoja. Akauliza, kama walijua muda wote huo, kwa nini waliendelea kuja. Akajibiwa na yule fundi mwashi, mtu ambaye kwa kawaida husikii sauti yake mpaka chai iletwe: "Tulikuwa tunakuona unaumia na bado unanyanyua mikono. Ungekuwa mzima, ungetuambia nini sisi?"

Kocha alilia. Nalisema waziwazi kwa kuwa na mimi nililia, na muuguzi wa zamu aliyechungulia dirishani akadhani kuna mgonjwa amezidiwa. Kisha tukafanya vidole, dakika arobaini nzima, na muda wote alilalamika kwamba nahesabu haraka mno. Alisema kweli.

Kwa niaba ya idara, namshukuru mkewe, aliyebeba siri ya watu wawili kwa uzi na sindano. Nawashukuru wanadarasa, waliotushinda sote kwa macho na kwa ustaarabu. Na wewe Kocha, asante kwa chumba namba sita, kwa kila mtu aliyetoka humo akiweza jambo ambalo aliingia hawezi, na kwa kutufundisha kazi sisi tulioletwa kwako tukijiona tunaijua.

Tunakuombea miaka mingi, usingizi wa kutosha, na asubuhi zisizouma sana. Faili lako tumeshalifungua: wewe ni wa ishirini na saba katika darasa la Ijumaa. Kwa miaka miwili tumekunywa chai nawe meza moja, ukishika kikombe kwa viganja viwili, sisi tukibishana mambo ya mpira, na hatukuona. Tusamehe. Njoo Ijumaa saa nne, utupe mikono yako tuitazame.