Msukosuko Usio na Wingu

Ndugu, jamaa na marafiki, huyu tunayemsindikiza leo wengi mlimjua kama Bwana Mikanda. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, kitinda mimba wa fundi reli, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya stesheni. Dada zake walikwisha kuolewa, kwa hiyo alikua akicheza peke yake.

Alianza shule mwaka 1958. Alipokuwa sekondari, mwalimu wa fizikia alimkuta ameduwaa, macho kwenye vumbi lililokuwa likielea katika mwanga wa dirishani.

"We, unaangalia nini?"

"Mwalimu, vumbi la juu linakwenda huku, la chini linakwenda kule. Pale katikati linavurugika."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, alimwazima kitabu.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika ofisi ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege. Kazi yake ilikuwa kutafuta msukosuko wa anga safi, ule unaoirusha ndege mahali pasipo na wingu hata moja, wala rada haiuoni. Alirusha maputo ya kupimia, akalinganisha upepo: wa juu ukikimbia na wa chini ukijikokota, basi hapo katikati pana balaa. Rubani mmoja aliyekuja kuchukua taarifa ya safari, alipoambiwa abiria wafunge mikanda, alimcheka. "Mzee, anga jeupe pe! Mikanda ya nini?" Jioni alirudi, shati limelowa kahawa. "Nimekoma, Bwana Mikanda!" Jina likaganda.

Lakini marubani walisema pale waliporushwa tu. Waliopita salama walinyamaza, naye akabaki hajui kama aliwaokoa au alikosea. "Jamani, hata pakiwa shwari niambieni!" aliwasihi mpaka anastaafu. Waliokumbuka ni wachache.

Tarehe 20 Agosti 1979 alimwoa fundi cherehani, mwanamke mcheshi kwelikweli. "Ya huko juu unayaona," alimtania, "mtoto anakulilia miguuni humwoni!" Mtoto huyo ndiye binti yao wa pekee. Mke alifariki mwaka 2009, binti akahamia mbali kikazi, na nyumba ikapoa. Tuseme ukweli, upweke ulimuumiza sana. Kila binti aliposafiri, marehemu alikaa na ramani zake za upepo mpaka saa ya kutua ipite, kisha akaishika simu mkononi. Haikulia. Marubani aliweza kuwasihi, mwanawe hakuthubutu. "Atakuwa amechoka, mwacheni alale," alituambia sisi wapwa zake.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Binti alipopiga, alijibiwa, "Shwari, mwanangu." Marehemu alilazwa tarehe 2 Machi 2024, akatukataza tusimtie mtoto hofu. Tulimpigia binti hivyohivyo. Tulipomwambia mjomba kwamba binti yuko njiani, hakutugombeza. Aliomba simu yake iwekwe chaji, iwekwe karibu na mto. Alfajiri ya tarehe 6 alitutoka, ndege ya binti ikiwa bado angani.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili na sisi wapwa zake. Binti alitua mchana ule. Alipofika hospitali aliinama sikioni mwake, akampa ile taarifa aliyoingojea miaka yote: "Baba, nimefika. Njia nzima ilikuwa shwari."

Mjomba, umesikia. Fungua mkanda sasa, upumzike.