Kitabu Kilichotutoa Machozi

Mbele ya kibanda changu cha kushona viatu kuna benchi refu, mguu mmoja umeshikiliwa na tofali, na hakuna jambo la dunia hii ambalo hatujaliamulia pale. Asubuhi ile tulikuwa wanne na birika la kahawa: mimi na gundi yangu, Kinyozi wa duka la pili, ambaye akikunyoa lazima akuhutubie, Antena, fundi redio, anayenasa habari ambazo hazijarushwa na mtu, na Karani, mstaafu wa stoo ya idara ya maji. Karani ameandika kitabu kimoja, cha maisha yake, kwa miaka kumi na moja. Sasa alikuwa ameshika simu, na ndani yake barua ya kumkatalia mchapishaji.

— Niitume, nisiitume?

— Tuma! Kinyozi akadakia. Mtu amekaa na kitabu chako miezi minane, halafu anakurudishia maswali arobaini na moja. Wewe mwandishi au mshtakiwa?

— Na yule mhariri wao anataka mwaka mwingine wa kukinyoosha. Mwanangu anasema nikikiweka mtandaoni leo, kesho watu wanasoma.

— Si ndiyo hapo sasa! Mchapishaji wa nini zama hizi? Zamani alikuwa na mashine, wewe huna. Leo mashine unayo mfukoni, unaichajia kitandani.

Antena akaweka kikombe chini.

— Nyie hamjui kitu. Wachapishaji hawapo tena. Zile ofisi ni makabati matupu. Wamewekwa pale kuzuia vitabu visitoke, maana vikitoka vyote kwa pamoja simu zitajaa, mitambo itachemka, umeme ukatike nchi nzima.

— Umeyatoa wapi hayo?

— Nafungua redio za watu kila siku, bwana. Mambo nayasikia.

Kinyozi hakubali kushindwa kwa uongo.

— Miaka mitano tu ijayo, kitabu kitakuwa kinajihariri chenyewe. Msomaji akianza kusinzia, kinamwona kwa kamera, kinaongeza ugomvi.

— Na akilia?

— Kinapunguza msiba.

— Ah, hiyo ndogo! Antena akasema. Vitabu vitasomana vyenyewe kwa vyenyewe. Sisi tutaletewa ripoti tu.

Sasa, kulikuwa na mteja wangu, dada mmoja aliyeleta kiatu kilichokatika mkanda. Alikaa kwenye kigoda, mguu mmoja umevaa, mwingine ameuweka juu ya kipande cha boksi. Akauliza kama anaweza kukisoma hicho kitabu huku anasubiri.

— Bila shaka! nikamwambia, nikampa simu yangu. Karani alikituma kwenye kundi letu la simu wiki tatu zilizopita. Sisi wote tumeshakisoma. Kama huna leso, azima mapema.

— Mimi nilimwandikia palepale, Kinyozi akasema. Nikamwambia, kaka, umeniliza.

— Mimi chakula cha mchana kilinishinda, Antena akaapa.

Karani akatabasamu, macho yameanza kulowa.

— Ndiyo maana nataka kumkatalia yule binti mhariri. Nyie mmelia, yeye anauliza maswali.

Mimi nikazidi kuvuta uzi. Kule kwenye kundi nilikuwa nimeweka dole gumba na nyuso tatu za machozi, na faili lenyewe sikulifungua.

Yule dada alisoma kwa utulivu, kidole kinapandisha kurasa. Mwisho akainua kichwa.

— Samahani, wazee wangu. Mimi nimefika ukurasa wa sita. Wanasema nihakikishe pampu imezimwa kabla sijafungua kifuniko.

Karani akaichukua ile simu, akavaa miwani, akasoma. Akarudi nyuma, akasoma tena.

— Haya ni maelekezo ya pampu ya stoo, akasema taratibu. Nilituma faili lingine. Wiki tatu nzima.

— Hayo ni mafumbo! Kinyozi akajaribu. Pampu ni moyo wa binadamu.

— Na kifuniko ni siri za ndoa, Antena akamsaidia.

Yule dada hakucheka. Akatutazama mmoja mmoja.

— Kwani nyie mlilia sehemu gani?

Kinyozi akakumbuka kwamba ana mteja, na kiti chake tunakiona kutoka hapa, kitupu. Antena akainamia birika kama kuna redio ndani. Mimi nikawa natafuta sindano, na sindano ninayo mkononi. Aibu iliyonishika, Mungu ndiye anajua.

Nilidhani Karani atatutukana, na ningefurahi angetutukana. Hakutuangalia hata. Alichukua simu yake akaifuta ile barua yote. Kisha akafungua yale maswali arobaini na moja.

— La kwanza hili, akamwambia yule dada, siyo sisi. Anauliza, mama aliponiacha pale stesheni, alikuwa amenishika mkono upi. Miaka kumi na moja, hilo sikuliandika.

— Alikushika upi?

Karani akaitazama mikono yake yote miwili.

— Wa kushoto. Kwa huu wa kulia nilikuwa nimekamata koti lake, sitaki kuliachia.

Akaanza kumwandikia mhariri wake.