Mkono Alioinua Marehemu Lamduan Phromsri

Marehemu Mama Lamduan Phromsri alizaliwa tarehe 3 Aprili 1962 katika kijiji kimoja cha mkoa wa Ubon Ratchathani, kaskazini-mashariki mwa Thailand, akiwa mtoto wa tatu wa wakulima wa mpunga. Ni Thailand. Haikuwa China, wala Japani, wala "kule kwa Wachina Wachina", kama wengi wenu mlivyosema kwa miaka thelathini na minne huku mkila chakula chake. Kamati ya mazishi, iliyosomewa aya hii peke yake, ilimwambia binti yake Odette, anayewasomea wasifu huu, kwamba maneno hayo ni makali. Ameyaacha kama yalivyo.

Marehemu alisoma shule ya hekalu kijijini kwao hadi darasa la nne, mwaka 1973, kisha akaitwa shambani. Elimu yake ikaishia hapo, naye hakuwahi kujidai kuwa na nyingine. Alipofika Durban, Afrika Kusini, alijifunza Kizulu sokoni, Kiingereza jikoni na Kiswahili kwa mumewe, akavisema vyote kwa lafudhi ileile. Wapo watu wazima, wenye mvi, waliokuwa wakimwigiza kwenye sherehe kwa kuvuta macho kwa vidole. Wengine wamekaa safu ya mbele leo na vitambaa vya kufutia machozi.

Aliingia Durban Machi 1991 kuwa mpishi katika mgahawa mmoja wa mjini, ambao mmiliki wake alitia sukari kwenye kila kitu. Alivumilia hadi 1997, kisha akaanza kupika nyumbani kwake Bluff, mtaa wa pwani, na kuwauzia madereva wa malori huko Clairwood saa za mchana. Hakuwa muuzaji wa maneno matamu. Dereva akisema, "Mama, punguza pilipili," yeye alifunika bakuli na kumwonyesha muuza mikate ng'ambo ya barabara. Siku moja dereva mmoja, pande la mtu, alikula huku machozi na kamasi vinamtiririka. Mama alimtazama hadi akamaliza, akampa kipande cha tango, akamwambia, "Sasa umekula." Dereva yule alirudi kila wiki hadi alipostaafu. Akina mama wa kanisa la mumewe, kwa upande wao, walishika pua kwa sababu ya maji yake ya samaki waliochachushwa. Hao hao hukaanga ndagala, dagaa wa kwetu, hadi majirani wanafunga madirisha.

Tarehe 9 Oktoba 1993 alifunga ndoa na Urbain Bisimwa wa Uvira, Kongo, fundi wa mitambo ya meli. Jamaa walimuuliza Urbain alimtoa kwenye nyumba gani ya masaji. Iandikwe hapa, maana hamkupata kuuliza kwa adabu: Mama hakufanya kazi ya masaji hata siku moja, na kama angeifanya, ninyi asingewagusa. Walijaliwa watoto wawili, Odette na Glody. Kila Jumapili alimsindikiza mumewe kanisani na kukaa benchi la mwisho, kwa sababu alimpenda. Hakubatizwa, na Urbain hakumwomba abatizwe. Urbain alipozikwa mwaka 2016, Mama alisimama kando ya kaburi akawaambia wanawe wote wawili, wakasikia: "Mimi hapana udongo. Udongo iko baridi sana. Mimi moto, kama mama yangu." Alitaka achomwe, majivu yake yatiwe baharini pale Bluff. Hakuna alichowahi kuwaomba zaidi ya hicho.

Tarehe 22 Mei mwaka huu, 2025, alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya sauti na upande wote wa kulia. Wiki ya kwanza nyumba ilifurika watu wa kupiga picha na mgonjwa. Ilipofika Juni, waliobaki ni wanawe. Hasira ya Odette kwa jambo hilo bado ni mbichi, wala hana mpango wa kuipoza.

Kisha, Jumapili ya tarehe 27 Julai, Mzee Audace wa kanisani, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliingia na waumini watano baada ya ibada. Glody alikuwa amesimama kando ya kitanda, Odette mlangoni na beseni la maji. Mzee Audace hakuuliza kitu. Alimwekea Mama kiganja juu ya kichwa, akakikandamiza, akaanza kuomba kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Sasa mjue, kama mngependa kujua kitu kimoja kuhusu mtu mnayemlilia: kwa watu wa kwao, kichwa ndicho kiungo cha heshima kuliko vyote, na hakiguswi, hata cha mtoto. Urbain aliyelala naye kitanda kimoja alikuwa akimwomba ruhusa kabla ya kumtoa jani kwenye nywele. Mzee Audace akapaza sauti: "Mama, kama unamupokea Bwana, inua mukono!" Mama akainua mkono wa kushoto, ule uliokuwa mzima. Akakishika kiganja cha Mzee Audace kwa vidole viwili, akakiondoa kichwani mwake. Waumini wakapiga vigelegele. Mmoja akapiga picha, na picha hiyo ndiyo kamati iliyotaka iwekwe kwenye jalada la wasifu.

Mama alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 10 Agosti, mkono wake ukiwa mkononi mwa Odette. Kabla hata hajaoshwa, kamati ilikwisha kutangaza kwamba aliokoka na kwa hiyo atazikwa kikristo. Odette ndiye mkubwa, lakini kamati ilimtafuta mwanamume, ikampata Glody, naye akatia saini ya kaburi. Odette akaletewa wasifu ulioandikwa tayari, wenye aya nzima juu ya mkono ulioinuliwa. Kwa kuwa anafanya kazi kwenye duka la fotokopi, wakamwomba awapigie chapa bure. Amewapigia chapa. Ila wasifu wenyewe ndio huu, alioandika yeye.

Alhamisi Glody alifika dukani, akausoma ukurasa huu, ulipokuwa bado unaishia kwenye aya iliyopita, ukiwa na joto la mashine.

"Yaya, towa hapa pa mukono," alimwambia dada yake mkubwa. "Batu batasema nini?"

"Batu gani? Bale benye balikuwa banamucheka?"

"Eish, Yaya. Mzee Audace ndiye alinitafutia kazi Clairwood. Unajua."

"Najua. Nakuuliza kitu moja tu, na ujibu. Ulikuwa pale, karibu kunishinda. Mama aliinua mukono juu ya kumupokea Yesu, ao juu ya kutetea kichwa yake?"

Mteja mmoja alikuwa akingoja nakala za kitambulisho. Alingoja. Glody alikaa juu ya boksi la karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze akalia, akalia sana, mtu mzima mwenye watoto.

"Juu ya kichwa," alisema. "Niliona. Niliona siku ile ile."

Alimpigia Mzee Audace simu palepale akafuta kaburi. Mzee Audace alimfokea hadi duka zima likasikia, akamwambia kazi asahau. Glody akajibu, "Sharp, Mzee," yaani sawa, akakata. Odette hajawahi kumheshimu mdogo wake kama alivyomheshimu dakika ile, na anamwambia hivyo hapa mbele yenu kwa kuwa dukani alishindwa kusema.

Kwa hiyo gari likitoka hapa halielekei makaburini. Linaelekea kwenye moto, kama alivyoomba. Kaburi limekwisha chimbwa, refu na safi. Kamati itaona yenyewe namna ya kulitumia. Wanaotaka kumsindikiza Mama wafuate gari. Waliokuja kwa ajili ya chakula wasijisumbue kungoja, kiko ukumbini, kimepikwa na Odette, na pilipili haikupunguzwa.

Marehemu ameacha binti yake Odette. Mwanawe Glody na mkewe Nkatha. Wajukuu watatu, Tina, Marie na Urbain mdogo. Na dada yake mkubwa huko Ubon Ratchathani, ambaye tangu Jumapili anawasha uvumba kwa ajili yake.

Apumzike sasa, maana hakuna tena atakayemwombea bila kumuuliza.