Adventina na Kibodi Iliyoamua Shindano

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka fundi. Fundi mwanamke, Adventina Nizigama. Alifariki Jumanne hapa Gitega, nyumbani kwake Musinzira, baada ya kuugua figo.

Adventina alizaliwa Muyinga. Vita vilimtoa huko akiwa na miaka kumi na moja. Alikulia kambini Tanzania, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza redio. Mwaka 2008 alirudi Muyinga na mumewe Eliud na binti yao Letisia.

Sasa sikilizeni alichofanya. Mwaka 2012 shule ya kwao iliandaa shindano la maswali. Timu moja ilitoka kijiji cha waliorudi. Nyingine ilitoka kwa waliobaki nchini wakati wa vita. Swali likiulizwa, mikono inanyooka pamoja. Nani wa kwanza? Mwalimu akasema hawa, wazazi wakasema wale. Watu wakashikana mashati. Yakatoka maneno ya vita. Shindano likavunjika.

Kesho yake Adventina aliomba kibodi mbovu iliyotupwa stoo ya ofisi moja. Kibodi, wasikilizaji, ni ule ubao wa vitufe wa kuandikia kwenye kompyuta. Akaufungua. Akatoa kile kibao kidogo cha umeme kilichomo ndani, akakiunganishia nyaya ndefu, akazifikisha kwenye visanduku viwili vya mbao, kila kimoja na kitufe chake. Kibao akakichomeka kwenye kompyuta. Timu hii ikibonyeza, kompyuta inaandika A. Timu ile, B. Herufi iliyotangulia ndiyo imewahi.

Mama Swabra, muuza vitenge aliyekuwa jirani yake sokoni alikotengenezea redio, anasema: "Mi nilimucheka. Nikamwambia, we unapoteza wakati, hii klaviye imekufa! Akanijibu, 'Vitufe ndivyo vimekufa, dada. Akili yake ni nzima.'"

Shindano likarudiwa. Swali la mwisho, timu zimelingana. Letisia akabonyeza. Kwenye kompyuta ikatokea B. Kisha A. Timu ya Letisia ilikuwa A. Wakashindwa.

Baba mmoja wa kijiji chao akasimama. "Mama Letisia, umetuuza! Si wewe uliyekitengeneza kifaa hiki?"

Adventina hakukasirika. "Njoo ubonyeze mwenyewe, kaka. Hakijui nani alikimbia na nani alibaki."

Akaja. Adventina akamwita na mzazi wa upande wa pili. Wakabonyeza, wakabishana, wakabonyeza tena, watu wazima wawili, mpaka uwanja mzima ukacheka.

Letisia, leo mwalimu pale Mushasha, anasema: "Nililia sana. Nikamuuliza mama kwa nini hakunisaidia. Akaniambia, 'Ningekusaidia, nani angekuamini siku ukishinda?'"

Mwaka uliofuata Letisia alishinda. Hakuna aliyebisha.

Baadaye familia ilihamia Gitega, na shule kadhaa zikamwomba Adventina visanduku kama vile. Akatengeneza, kila mara kwa kibodi iliyotupwa.

Mzee Eliud, Letisia, na ndugu zenu wa Muyinga, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nawe unayenisikiliza, jiulize: siku utakapowekwa kuamua kati ya mwanao na mtoto wa jirani, utakuwa na moyo wa Adventina?